UZI: Kikwapa na harufu ya mwili, inatoka wapi na njia zipi za asili zinafanya kazi

Mchanganya Dawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, mada za kikwapa huwa zinaishia kwenye majibu yaleyale: paka ndimu, kunywa maji mengi, badilisha pafyumu. Hakuna anayesema kwa nini, kwa kipimo gani, na ikikataa ufanye nini. Naanza na chanzo. Wenye ujuzi wa sabuni, nguo na uuguzi waongezee hapo chini.

Jasho likitoka tu halinuki. Kinachonuka ni mabaki yake baada ya bakteria wa kwenye ngozi kulila.

Tezi za jasho ziko aina kuu mbili. Za kwanza zimetapakaa karibu mwili mzima, kati ya milioni 2 na 4, na kazi yake ni kupoza mwili. Jasho lake karibu lote ni maji na chumvi kidogo. Za pili ziko kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu. Hizi hazifanyi kazi mpaka balehe, hufungukia ndani ya vishimo vya nywele, na jasho lake ni zito, lina mafuta na protini. Husukumwa na hofu na msongo kuliko joto, ndiyo maana mtu anaweza kutoka kwenye usaili wa kazi ananuka kuliko alipotoka kukimbia.

Kwapani kuna makundi mawili ya bakteria wa kuangaliwa. Corynebacterium hukata viini vya jasho zito na kuacha asidi za mafuta. Hapo ndipo inapotoka ile harufu ya beberu. Staphylococcus hominis hutoa viini vyenye salfa, harufu yake kama kitunguu kilichooza, na pua ya binadamu huvikamata hata vikiwa vichache mno.

Kwa hiyo kikwapa kinahitaji vitu vitatu vikutane: jasho zito, unyevu, na bakteria. Njia yoyote inayofaa lazima iguse kimojawapo. Pafyumu haigusi hata kimoja, na ikichanganyika na kikwapa inazaa harufu ya tatu ambayo ni mbaya kuliko zote mbili.

---

Nesi wa Zamu

Asante mkuu. Kabla watu hawajakimbilia shabu na siki, turudi bafuni, maana wengi wanaoga lakini kwapa halioshwi. Povu linaloteremka kutoka mabegani halihesabiki.

Fanya hivi. Lowesha kwapa, paka sabuni kwa mkono, sugua kwa vidole mpaka kwenye mashina ya nywele, kisha acha povu likae sekunde 30 hadi dakika 1 wakati unaosha sehemu nyingine. Suuza mpaka vidole visiteleze tena. Rudia kinenani (nje tu), katikati ya makalio, chini ya matiti, kitovuni na nyuma ya masikio. Kitovu husahaulika sana, na kile kilichozama ndani kinaweza kunuka peke yake hata mwili wote ukiwa safi.

Kisha kausha. Gandamiza taulo kavu, usisugue, halafu acha kwapa lipigwe hewa dakika 2 au 3 kabla ya kupaka chochote au kuvaa. Ukipaka kitu juu ya unyevu umefungia bakteria ndani. Na taulo ambalo halijakauka tangu jana linakurudishia ulichokiosha. Dodoki nalo vilevile: likining'inia bafuni mbichi siku zote, litupe.

Nywele za kwapa hazinuki zenyewe, ila zinashika jasho na mafuta na kuzuia sabuni isifike kwenye ngozi. Si lazima uzinyoe kabisa. Kuzipunguza zibaki fupi kunasaidia sana. Ukinyoa kwa wembe, nyoa usiku, fuata uelekeo wa nywele, na usipake siki wala baking soda mpaka kesho yake.

Wanaooga mara moja kwa siku, oga jioni na asubuhi osha makwapa peke yake. Jasho la mchana likilala nawe, bakteria wana usiku mzima wa kulifanyia kazi, na shuka zinabeba.

---

Fundi Sabuni

Naingia kwenye vitu vya kupaka. Ngozi yenye afya ina pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) ya takriban 4.5 hadi 5.5, yaani asidi kidogo. Sabuni ya kipande iliyopikwa kwa mafuta na kostiki ina pH 9 hadi 10. Inaondoa mafuta vizuri, lakini inaiacha ngozi ikihangaika kurudi kwenye asidi yake. Ndiyo maana kitu chenye asidi nyepesi baada ya kuoga kina mantiki. Nyepesi, narudia.

Shabu. Kwangu hii ni namba moja katika vitu vya asili. Inabana ngozi na inazuia bakteria. Jiwe: lilowanishe, pitisha kwenye kwapa lililosafishwa sekunde 15 hadi 20, acha likauke lenyewe. Suuza jiwe, lifute, liweke pakavu. Likiachwa kwenye maji linayeyuka na kubaki na kingo kali zinazokwaruza. Unga: kijiko 1 cha chai kwenye ml 200 za maji yaliyochemshwa yakapoa, tia kwenye chupa ya kupulizia. Usiongeze dozi ukidhani itafanya kazi zaidi, chumvi itaganda kwenye ngozi iwe kama mchanga na kuwasha.

Kuna wanaouza shabu kwa kusema haina alumini. Si kweli, shabu ni chumvi ya potasiamu na alumini. Tofauti yake na dawa za dukani za kuzuia jasho ni kwamba haizibi njia za jasho kama zile. Utaendelea kutoka jasho, ila harufu itapungua.

Siki. Siki nyeupe au ya tufaha yenye asidi ya asilimia 5: kijiko 1 cha chakula (ml 15) kwa vijiko 4 vya maji. Pitisha kwa pamba, acha ikauke. Harufu ya siki yenyewe hupotea ikishakauka. Ikichoma, ongeza maji. Ikiendelea kuchoma, achana nayo.

Baking soda. Inafanya kazi kwa sababu harufu nyingi za kwapa ni asidi na yenyewe ni alkali. Tatizo ni hilohilo: pH yake ni kama 8.3 na ngozi nyingi hazivumilii kila siku. Wiki ya kwanza raha, ya pili muwasho, halafu kwapa linakuwa jeusi. Weusi huo ni alama ya ngozi iliyoumia, si uchafu, na ukizidisha kusugua unazidi kuuongeza. Usiipake peke yake. Changanya robo kijiko cha chai na kijiko 1 cha wanga wa mahindi, paka kwa pamba kavu, na iwe siku moja moja. Na tafadhali, baking soda si magadi. Magadi yana ukali unaopita pH 10, hayapakwi mwilini.

Mafuta ya nazi. Yana asidi ya lauriki inayopunguza bakteria, lakini yakipakwa peke yake yanaacha kwapa linateleza na shati lina madoa. Yaweke kwenye mchanganyiko huu:

- mafuta ya nazi gramu 50
- wanga wa mahindi gramu 35
- nta ya nyuki gramu 12
- baking soda gramu 3 (wenye ngozi nyepesi waiache kabisa)

Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Yeyusha nta kwanza, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kisha tia mafuta. Ipua. Chekecha wanga na soda ndani huku ukikoroga, na uendelee kukoroga mpaka uji uanze kuwa mzito, ndipo umimine kwenye kikopo. Ukimimina ukiwa bado wa majimaji, wanga unazama chini: juu unabaki na mafuta matupu na chini chaki. Nta ipo kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 tu. Penye joto bila nta utakuwa na kikopo cha mafuta ya maji.

Tumia kiasi cha punje ya haragwe kwa kila kwapa, subiri dakika 5 kabla ya kuvaa. Ukitaka mafuta ya mti wa chai, matone 20 kwa gramu 100 hizo yanatosha. Zaidi ya hapo unatafuta mzio.

---

Kijana wa Mtaa wa Pili

Fundi, umeiruka ndimu. Mbona watu wanapaka na wanasema inakata?

---

Fundi Sabuni

Inakata kweli, mkuu, asidi huzuia bakteria. Ila juisi ya ndimu ina pH ya karibu 2, kali mno kwa ngozi ya kwapa, hasa iliyonyolewa. Halafu ndimu ina viini ambavyo vikibaki kwenye ngozi na jua likapiga, vinaunguza: malengelenge, kisha baka jeusi linalokaa wiki au miezi. Mtu mwenye singlendi juani yuko hatarini zaidi. Siki iliyopunguzwa inafanya kazi ileile bila balaa hilo. Sioni sababu ya ndimu.

---

Dobi Mkuu

Mnahangaika na ngozi wakati nusu ya kesi iko kwenye shati.

Dalili ni hii: shati limefuliwa, limekauka, halinuki. Ukilipiga pasi, au likipata joto la mwili kwa dakika kadhaa, kikwapa kinapanda. Mwili hauna kosa. Mafuta ya jasho na mabaki ya deodoranti yamejenga utando kwenye nyuzi za kwapani, bakteria wamo ndani yake, na joto linazirusha harufu. Poliesta ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu nyuzi zake hazinywi maji lakini zinashika mafuta. Pamba inanuka kidogo na inasafishika.

Namna ya kuliokoa shati hilo:

Ligeuze ndani nje. Kwapani paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo bila maji, sugua kwa mswaki laini, acha dakika 15. Hiyo inavunja utando wa mafuta. Kisha loweka kwenye lita 5 za maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, na vijiko 2 vya chakula vya magadi ya kufulia, saa 1 hadi 2. Asidi za jasho zikikutana na magadi zinageuka chumvi inayoyeyuka na kutoka na maji. Suuza, fua kawaida, anika juani likiwa bado limegeuzwa.

Wengi hupendekeza siki hapa. Siki ni nzuri kwa mabaki ya sabuni na harufu ya mkojo, lakini kwa kikwapa magadi yanashinda, kwa sababu asidi haiyeyushi asidi nyenzake. Ukitaka siki, itumie kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, kikombe kimoja kwa lita 5. Usiichanganye na sabuni ya kipande kwenye beseni moja, sabuni itakatika na kuacha utando ule ule unaoukimbia.

Na hii ishike: siki na jiki havikutani kamwe. Vinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lililofungwa linaweza kukulaza hospitali.

Makosa mengine: kuweka maji ya kulainisha nguo kwenye nguo za mazoezi (yanaongeza utando), kuacha nguo zimejikunja kwenye beseni usiku kucha, kutupa shati la jasho kwenye kapu na kulifunika. Likiwa limelowa, litandaze likauke kwanza. Yale madoa ya njano kwapani yanatokana na jasho kukutana na chumvi za alumini. Jiki inayazidisha unjano. Magadi na sufu au hariri haviendani, vitambaa hivyo viogeshwe kwa shampuu.

Shati likishapita hatua hizo mara mbili na bado linapanda, lifanye dekio.

---

Nesi wa Zamu

Dobi amemaliza. Naongeza sidiria, vesti, kofia na mkanda wa saa. Hivi havifuliwi kila siku na vinagusa jasho kila siku.

---

Miguu Mikavu

Miguu haina zile tezi nzito za kwapani, lakini nyayo zina tezi za kawaida zilizosongamana kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, na kiatu kinafungia unyevu. Bakteria wanakula ngozi laini iliyokufa na kutoa asidi ya isovaleriki, harufu ya jibini iliyokaa. Kwa hiyo miguu inataka ukavu na kuondolewa ngozi iliyokufa kuliko dawa.

Osha kwa sabuni katikati ya kila kidole, sugua kisigino kwa jiwe mara mbili kwa wiki, kausha vidole kimoja kimoja. Kisha chagua moja kati ya hizi:

Siki: sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji ya vuguvugu, dakika 15. Kama una kidonda au mpasuko, usiguse.

Chai kavu ya rangi: chemsha vijiko 2 vya chakula vya majani kwenye nusu lita kwa dakika 15, chuja, ongeza lita 2 za maji baridi, loweka miguu dakika 20 kila siku kwa wiki moja. Tanini za chai hubana ngozi na kupunguza jasho. Itakuachia rangi kidogo kwenye nyayo, usishtuke.

Usichanganye siki na chai kwa kuharakisha, ngozi itakauka mpaka ipasuke.

Viatu vipumzike angalau saa 24 baada ya kuvaliwa, kwa hiyo pea mbili za kupokezana ni za lazima. Usiku mwaga kijiko 1 cha baking soda ndani ya kila kiatu, asubuhi kung'uta. Toa soli ya ndani ioshwe na ianikwe peke yake, maana ndiyo iliyobeba harufu.

Ukiona vitundu vidogovidogo kama vilivyochomwa sindano kwenye ngozi nene ya kisigino au chini ya vidole, na harufu ni kali ajabu, hao ni bakteria waliochimba ngozi. Chai haitoshi, unahitaji krimu ya antibayotiki kutoka kwa daktari. Ngozi nyeupe iliyolainika katikati ya vidole na kuwasha, hiyo ni fangasi, dawa yake ni nyingine.

---

Mchanganya Dawa

Kuhusu chakula, kuna ukweli na chumvi nyingi. Kitunguu saumu ni kweli: kina kiini cha salfa ambacho mwili hauwezi kukivunja haraka, kinazunguka kwenye damu na kutokea kwenye pumzi na ngozi, hata siku inayofuata. Kupiga mswaki hakukiondoi. Uwatu ni kweli pia, unafanya jasho na mkojo vinukie kama sukari iliyoungua. Pombe na pilipili huongeza jasho. Ila kikwapa cha kila siku hakiletwi na chakula, na kuacha nyama mwezi mzima huku unavaa shati lile la poliesta ni kujitesa.

Maji ya kunywa yana faida zake, ila hayaoshi kwapa kutokea ndani.

Kuna suala la kurithi pia. Jeni iitwayo ABCC11 inaamua kama tezi za kwapa zitatoa vile viini vinavyoliwa na bakteria. Jeni hiyohiyo huamua aina ya nta ya masikio, jambo lililothibitishwa mwaka 2006. Wenye nta kavu ya unga, ambao ni wengi sana Korea, China na Japani, huwa na kikwapa hafifu au hawana kabisa. Nta yako ikiwa laini na ya kunata, tezi zako zinafanya kazi kamili.

---

Bint Karafuu

Swali kwa dada Nesi: sehemu za siri? Naona watu wanashauriana shabu na ndimu huko.

---

Nesi wa Zamu

Hapana, dada. Uke una asidi yake, pH 3.8 hadi 4.5, na bakteria wazuri wanaoilinda. Ukiingiza sabuni, shabu, ndimu au siki unawaua wao kwanza, na harufu inarudi kali zaidi. Nje osha kwa maji, sabuni isiyo na manukato ikibidi. Vaa chupi ya pamba, badilisha kila siku. Harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo au hedhi, pamoja na ute wa kijivu, ni maambukizi. Hutibiwa kwa antibayotiki na huisha, hakuna haja ya kuficha kwa manukato.

Kwa wanaume wasiotahiriwa: vuta govi nyuma, osha kwa maji, kausha, rudisha. Kila siku.

---

Msomaji Kimya

Nimesoma kwamba ukiacha deodoranti za dukani mwili "unatoa sumu" kwanza wiki kadhaa, ndiyo maana mtu ananuka zaidi. Kuna ukweli?

---

Mchanganya Dawa

Sumu hutolewa na ini na figo, kwapa halina kazi hiyo. Kinachotokea, kama ulikuwa unatumia zile za kuzuia jasho, ni kwamba njia za jasho zilizozibwa zinafunguka, jasho linarudi kiwango chake, na bakteria wanabadilika idadi. Kupaka udongo na kusubiri sumu itoke hakuna maana. Osha mara mbili kwa siku, tumia shabu kipindi hicho.

Na kama hutaki kuacha dawa ya kuzuia jasho, huvunji sheria ya mtu. Ipake usiku kwenye kwapa kavu, si asubuhi: usiku jasho ni kidogo, chumvi zinapata nafasi ya kuziba njia, na ukioga asubuhi hazitoki.

Kwa kikwapa sugu ambacho shabu na kufua kumeshindwa, kuna sabuni ya maji ya benzoili peroksidi, ile ya chunusi, ya asilimia 4 au 5. Paka kwapani, subiri dakika 1 hadi 2, suuza sana, mara 2 au 3 kwa wiki. Si ya asili. Na itachujua rangi taulo na shati lako, tumia taulo jeupe.

---

Kijana wa Mtaa wa Pili

Mtu atajuaje ananuka? Pua si inazoea?

---

Dobi Mkuu

Inazoea, ndiyo. Kunusa kwapa mwenyewe hakusaidii. Vua fulana jioni, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, toka nje upate hewa nusu saa, rudi ufungue mfuko na unuse kwapani, kwenye kola na mgongoni. Jibu utalipata hapo hapo.

---

Nesi wa Zamu

Namalizia na za kuona daktari, msizitibu kwa shabu. Harufu ya matunda kwenye pumzi pamoja na kiu na mkojo mwingi: sukari, na ikiambatana na kutapika au kuchanganyikiwa ni dharura, nenda leo. Harufu ya mkojo mwilini na miguu kuvimba: figo zipimwe. Jasho la usiku linalolowesha shuka, kukohoa na kupungua uzito: kifua kikuu kipimwe. Harufu ya samaki mwili mzima isiyoisha kwa kuoga, kuna ugonjwa wa kurithi ambapo ini halivunji kiini kimoja cha chakula. Majipu yanayojirudia kwapani na kuacha makovu, huo si uchafu, ni ugonjwa wa ngozi. Dawa nazo huongeza jasho, zikiwemo baadhi za sonona na za maumivu makali. Usiziache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Na wazazi: mtoto wa kike chini ya miaka 8 au wa kiume chini ya miaka 9 mwenye kikwapa cha mtu mzima, mpelekeni apimwe homoni. Kwa umri huo zile tezi zinapaswa kuwa bado zimelala. Wakati mnasubiri miadi, maji na sabuni laini vinamtosha, msimpake siki.